Maswali ya Wasomaji: Usafi wa Vyumba vya Hoteli kwa Utaratibu wa Kijapani

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja: hoteli za Japani husafishaje vyumba, na lipi kati ya hayo linafaa kuletwa kwenye hoteli na nyumba za wageni za huku kwetu. Tunasema mapema tunachokiamini. Usafi ule hautokani na damu ya Kijapani. Katika hoteli nyingi za Tokyo na Osaka wanaotandika vitanda ni akina mama wa makamo wanaofanya kazi za saa chache, pamoja na vijana kutoka nchi kama Nepal na Vietnam. Kinachowaunganisha ni utaratibu ulioandikwa, unaofuatwa na kila mtu na kurekebishwa kila unapoleta kasoro. Na utaratibu hufundishika.

SWALI: Nimesikia huko Japani mhudumu mmoja humaliza chumba kwa dakika 25 na hakiachi dosari. Wanaanzia wapi, wanamalizia wapi? Naomba mpangilio kamili. (Mhudumu wa vyumba, Diani)

JIBU: Tuanze na chumba chenyewe. Hoteli unazozisikia ni zile za wasafiri wa kikazi zilizoko mijini, na chumba chake huwa cha mita za mraba 12 hadi 15, bafu likiwemo. Bafu hilo limetengenezwa kiwandani na kuletwa likiwa kama sanduku zima, halina mistari ya vigae inayoshika uchafu. Aina hiyo ilibuniwa na kampuni ya TOTO kwa ajili ya hoteli ya New Otani ya Tokyo, iliyofunguliwa mwaka wa Olimpiki ya 1964. Kwa hiyo dakika 25 ni za chumba hicho, si za chumba chako chenye baraza, chandarua na mchanga wa ufukweni. Usiuchukue muda, chukua mpangilio.

Gonga mlango mara tatu, taja kazi yako, hesabu hadi tano, kisha rudia. Ukishaingia, zuia mlango ubaki wazi, fungua dirisha, na simama pale pale uangaze macho chumba kizima kabla ya kugusa chochote. Hapo unatafuta vitu viwili: mali iliyosahauliwa na kitu kilichoharibika. Ukianza kazi kabla ya kuangalia, chaja ya mgeni itaondoka na shuka, na taa iliyovunjika itaonekana umeivunja wewe.

Kisha toa taka na vyombo. Vua matandiko shuka moja moja ukiyakunja kwa ndani. Usiyakung'ute wala kuyabeba yote kwa fumbato moja. Kukung'uta kunarusha vumbi na nywele chumba kizima, na kuyafumbata pamoja ndiko kunakopeleka simu na nguo za kulalia za mgeni kwenye mashine ya kufulia. Godoro likiwa wazi, pitisha jicho kwenye mishono yake, hasa upande wa kichwani. Vidoa vyeusi vidogo kama nukta za kalamu ni dalili ya kunguni. Ukiviona, usitoe kitu chochote chumbani humo. Funga mlango na mwite msimamizi, kwa sababu shuka ulilolitoa linaweza kuwapeleka kunguni kwenye toroli na vyumba vingine vyote vya zamu yako.

Sasa ingia bafuni kwa dakika moja tu. Kusanya nywele bafu likiwa kavu, nyunyiza dawa kwenye choo, sinki na kuta za bafu, halafu toka. Dawa inahitaji kama dakika 5 kulegeza uchafu, na dakika hizo ndizo utakazotandikia kitanda. Anayenyunyiza na kusugua papo hapo anaifanya kazi ya dawa kwa misuli yake. Kabla ya kugusa shuka safi, vua glavu na nawa mikono.

Kitandani, maliza upande mmoja wote kabla ya kuzunguka kwenda wa pili. Anayehama huku na huku anakizunguka kitanda mara nne au tano, na kwa vyumba 12 hizo ni hatua nyingi za bure. Kwa kona, shika ukingo wa shuka kama sentimita 40 kutoka pembe ya godoro, inua na ulaze juu ya kitanda, chomeka kipande kinachoning'inia, kisha shusha ulichokilaza kiwe na mkunjo wa nyuzi 45 na ukichomeke nacho. Piga magoti au kunja goti moja. Usiinamie kiuno, maana mgongo ndio unaowaondoa wengi kwenye kazi hii. Kiganja kiangalie chini unapochomeka, ukucha usikwaruzwe na chaga.

Kona zikilegea kila siku, usimlaumu mtandikaji kabla ya kupima shuka. Godoro la sentimita 120 kwa 200 lenye unene wa 25 linataka shuka lisilopungua 220 kwa 300, yaani unene pande zote mbili na sentimita 25 za kuchomeka kila upande. Pamba hupungua baada ya kufuliwa, mara nyingi kwa asilimia 3 hadi 5. Kwa hiyo nunua kubwa kidogo kuliko hesabu hiyo. Hoteli nyingi za huku zinanunua shuka za nyumbani na kisha kuwakaripia wahudumu.

Ukimaliza kitanda rudi bafuni, sugua, suuza na ukaushe kabisa. Kisha futa vumbi chumbani kuanzia mlangoni ukizunguka upande mmoja tu, juu kwenda chini, hadi urudi mlangoni. Ukifuata mzunguko huo hakuna droo utakayoiruka. Kitambaa kikunje mara mbili, na kwa kukigeuzageuza utapata nyuso 8 safi kabla ya kuhitaji kingine. Kila mahali pawe na rangi yake ya kitambaa, na cha choo kisifanane na kingine chochote. Glasi haziguswi na kitambaa cha chumbani, sembuse na taulo la mgeni aliyeondoka. Ziende jikoni zikaoshwe. Weka sabuni, taulo na maji ya kunywa, halafu fagia au pitisha mashine ya vumbi kutoka ndani kabisa ukirudi nyuma kuelekea mlangoni, usiache nyayo zako.

Bado kuna ukaguzi. Chuchumaa hadi macho yafike usawa wa mto, utazame anachokiona mtu aliyelala: upande wa chini wa taa, ukingo wa pazia, vumbi la pangaboi. Fanya vivyo hivyo usawa wa mtu aliyekaa chooni. Msimamizi anayekagua akiwa amesimama tu hataona nusu ya anayoyaona mgeni.

SWALI: Wageni wetu wanalalamikia nywele bafuni hata pale tulipopiga deki mara mbili. Tena mabomba yanaota ukoko mweupe usiotoka. Wajapani wanatumia dawa gani? (Msimamizi wa vyumba, Paje, Unguja)

JIBU: Kwa nywele hawatumii dawa. Mnakosea mfuatano tu. Unywele ukilowa unanata kwenye sakafu, na dekio linausogeza kutoka pembe moja hadi nyingine. Kupiga deki mara mbili ni kuusogeza mara mbili. Nywele huokotwa kabla tone la maji halijaanguka. Tumia kitambaa kikavu au karatasi ya chooni iliyokunjwa, uvute kutoka pembeni kuelekea katikati, kisha okota. Kama bafu bado limelowa kwa sababu mgeni ametoka kuoga, likaushe kwanza kwa taulo lake lililotumika linalokwenda kufuliwa.

Japani wana rola ya karatasi yenye gundi kwa ajili ya zulia na kitanda. Ukiikosa, zungushia mkononi mkanda mpana wa kufungia maboksi, upande wa gundi ukiwa nje. Sehemu zinazosahauliwa ni zile zile kila siku: nyuma ya mlango, kwenye mguu wa choo, kichujio cha maji machafu, upindo wa chini wa pazia la bafu, ndani ya ndoo ya taka, na mwanya kati ya godoro na ubao wa kichwani. Mkague na wahudumu wenyewe. Nywele nyingine zinatoka kwenye kichwa na sare ya anayesafisha. Nywele zifungwe na kufunikwa, na sare ipitishwe rola kabla ya zamu. Hakuna aibu katika hilo.

Ukoko mweupe ni chokaa. Unguja na sehemu kubwa ya pwani zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanakuja na chokaa ya mawe hayo. Kila tone linalokaukia juu ya bomba linaacha kidogo. Sabuni haiwezi kuitoa kwa sababu chokaa haiyeyuki kwa sabuni, inayeyuka kwa asidi. Chukua unga wa asidi ya sitriki, ule unaouzwa kwa watengeneza vinywaji na jemu, gramu 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji. Lowesha kitambaa, zungushia bomba, acha dakika 20 hadi 30, sugua taratibu kwa brashi laini na usuuze. Kichwa cha bomba la mvua kiondoe ukiloweke saa moja au mbili. Usitumie chuma cha kusugulia sufuria: kinachana ngozi ya bomba, na ukoko unaofuata unapata pa kushika.

Hapa tahadhari tatu. Asidi isiguse marumaru, terazo, wala kuta na sakafu za chokaa zilizo katika nyumba nyingi za Zanzibar, kwani zenyewe ni chokaa na zitaliwa. Ya pili ni kubwa zaidi: asidi na jiki hazikutani kamwe, si kwenye ndoo, si kwenye choo kimoja kabla hakijasuuzwa. Zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha linaweza kumuua mtu. Chupa za dawa hizo nchini Japani zina onyo la maandishi makubwa: usichanganye, ni hatari. Njia salama ni kuzipangia siku tofauti. Ya tatu, jiki ipimwe. Kwa jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 15 kwa lita moja ya maji zinatosha kutakasa sehemu zinazoshikwa. Kumimina kwa kukadiria kunababua mikono, kunaharibu rangi za taulo na hakuongezi usafi.

Dawa bora ya ukoko, hata hivyo, ni kitambaa kikavu. Ukikausha bomba, kioo na kuta za bafu kila siku, hakuna tone litakalobaki kuacha chokaa. Mabafu ya hoteli za Japani yanang'aa kwa sababu hiyo zaidi ya dawa yoyote.

SWALI: Msimamizi wetu amefunzwa Japani. Anatutaka tunyooshe kidole na kutamka kwa sauti kila tunachokagua: "Dirisha limefungwa, sawa!" Wenzangu wanaona ni utoto. Kuna faida kweli? (Mhudumu wa vyumba kutoka Kenya, Doha)

JIBU: Ipo, na imepimwa. Desturi hiyo ilizaliwa kwenye reli za Japani. Taasisi ya utafiti wa reli ya huko ilifanya jaribio katika miaka ya 1990 na kukuta kwamba mtu anayenyoosha kidole na kutamka hukosea kwa takriban asilimia 85 pungufu kuliko asiyefanya hivyo, katika kazi rahisi ya kubonyeza vitufe.

Sababu yake inaeleweka ukifikiria chumba cha kumi cha siku. Macho yanapita juu ya ndoo ya taka na akili inasema "tupu" kwa kuwa ndoo za vyumba tisa vilivyotangulia zilikuwa tupu. Mkono ukinyooka na mdomo ukitamka, macho yanalazimika kutua pale.

Kinachoiharibu ni kuitumia kwa kila kitu. Ukiwa na vitu 40 vya kutamka, ndani ya siku chache inakuwa wimbo wa kukariri na macho yanarudi kulala. Mwombeni msimamizi achague vitano au sita ambavyo vikikosewa vinaleta malalamiko au hasara: kiyoyozi, bomba lililofungwa, nywele bafuni, karatasi ya chooni, kasiki iliyo wazi na tupu, mlango uliojifunga. Orodha itokane na malalamiko halisi ya miezi michache iliyopita, na ibadilike malalamiko yakibadilika. Sauti ya chini inatosha, wageni wengine wamelala.

SWALI: Meneja wetu alikwenda semina, akarudi na kusema Wajapani hufanya vyumba 18 kwa siku bila kunung'unika. Tulikuwa na vyumba 12, sasa tumewekewa 18 kwa mshahara ule ule. Anaita kaizen, yaani kuboresha kazi hatua kwa hatua. Ni sahihi? (Wahudumu wa vyumba, Arusha)

JIBU: Si sahihi, na tunaomba barua hii asomewe.

Tupige hesabu. Zamu ya saa 8 ni dakika 480. Toa saa moja ya mapumziko. Toa dakika 30 za mkutano wa asubuhi, kupanga toroli na kukabidhi funguo. Zinabaki 390. Chumba cha mgeni anayeondoka kikichukua dakika 30 unapata vyumba 13, bila lifti mbovu, bila mgeni aliyechelewa kutoka. Vyumba 18 vinaacha dakika 21 na sekunde kadhaa kwa kila kimoja. Kwa chumba cha mita za mraba 14 chenye bafu la kiwandani inawezekana. Kwa chumba cha mita 35 chenye chandarua, zulia na vumbi la barabara ya Arusha, muda huo unapatikana kwa kuruka hatua tu, na za kwanza kurukwa ni zile zisizoonekana: glasi, nyuma ya choo, glavu.

Kuna mengine ambayo semina haikumwonyesha. Hoteli nyingi za Japani hazifui: shuka na taulo zinakodiwa kwa kampuni inayozileta zikiwa safi zimepigwa pasi. Wageni wanatoka saa nne au saa tano asubuhi, wapya wanaingia saa tisa alasiri, na muda huo wa katikati unaheshimiwa. Sheria nayo ipo. Tangu Aprili 2019, ikianza na makampuni makubwa, saa za ziada zina ukomo wa kawaida wa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka, na hulipwa nyongeza isiyopungua asilimia 25. Japani iliweka ukomo huo kwa sababu imezika watu waliokufa kwa kazi kupita kiasi. Sehemu hiyo ya desturi yao ya kazi haifai kuigwa na yeyote.

Kaizen ya kweli huanza kwa kutafuta dakika zinazopotea bila kumfaa mgeni. Chukueni saa na daftari, mwandike kwa siku tatu kila safari ya kwenda stoo, kila kusubiri shuka, kila kutafuta ufunguo. Mhudumu anayekwenda stoo mara 6 kwa dakika 4 kila safari amepoteza dakika 24, karibu chumba kizima. Hilo linaponywa kwa kupanga toroli vizuri na kuweka kabati dogo la akiba kila ghorofa.

Wanaopenda kutaja kasi ya Wajapani hutaja treni za Shinkansen zinazosafishwa kwa dakika 7 kwenye kituo cha Tokyo. Ni kweli. Treni inakaa dakika 12, abiria wanashuka kwa 2, wapya wanapanda kwa 3, zinabaki 7. Lakini kasi hiyo imetengenezwa: viti vinajigeuza vyenyewe, kila mtu ana eneo lake, na vifaa viko mkononi kabla treni haijasimama. Meneja anayetaka kasi aanze na vifaa, na hesabu yake ya vyumba iwe ya mwisho.

Mpelekeeni pendekezo kwa maandishi: vyumba vihesabiwe kwa pointi, si kwa vichwa. Chumba cha anayeondoka pointi 3, cha anayeendelea kukaa pointi 2 au 1, cha familia 4. Gawaneni pointi sawasawa, na mpime upya baada ya mwezi.

SWALI: Hospitali ya hapa kwetu ilifundishwa 5S, utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano. Naweza kuitumia kwenye gesti ya vyumba 9? Stoo yangu imejaa hadi mlango haufungi. (Mwenye nyumba ya wageni, Mbeya)

JIBU: Uko mahali pazuri pa kuuliza. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ndiyo iliyoanza majaribio ya 5S nchini Tanzania mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, na maneno ya Kiswahili yaliyotumika hospitalini yanakufaa vile vile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Sasambua stoo kwanza. Toa kila kitu nje. Kinachotumika kila wiki kirudi. Chenye shaka kifungwe kipande cha kitambaa chekundu kilichoandikwa tarehe, na kama siku 30 zimepita bila mtu kukihitaji, kiuzwe, kigawiwe au kitupwe. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, maana mwenye mali anaona uchungu na mapazia ya zamani. Lakini stoo iliyojaa inaficha panya, unyevu na wizi, na inamfanya mhudumu atafute sabuni kwa dakika kumi.

Kuseti ni kukipa kila kitu mahali pake na alama yake. Chora ukutani umbo la brashi, ndoo na dekio, ili kinachokosekana kionekane bila kuuliza. Shuka zilizotoka kufuliwa ziwekwe chini ya zile za zamani na uchukue juu. Usipofanya hivyo, zile zile za juu zitafuliwa kila siku mpaka zichanike, na za chini zitapata madoa ya njano zikiwa hazijaguswa. Kuhusu idadi, hesabu seti 3 kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwenye kufua, moja kabatini. Kama unaanika juani na kwako mvua ni nyingi, weka 4, vinginevyo masika yatakukuta unatandika shuka zenye unyevu, nazo zitatoa harufu usiku huo huo.

Kusafisha unakujua. Kusanifisha ni karatasi moja ukutani yenye picha ya chumba kilivyo kikiwa tayari: mto umeelekea wapi (mdomo wa foronya usielekee mlangoni), taulo ngapi, sabuni inakaa wapi. Picha inapunguza ubishi kuliko maelezo. Kushikilia ni wewe mwenyewe kukagua chumba kimoja kila siku, bila kutangaza ni kipi, na kumsifu aliyefanya vizuri mbele ya wenzake. Mwenye gesti akikagua wiki ya kwanza tu, wiki ya nne stoo itakuwa imejaa tena.

SWALI: Mgeni alidai tumetupa karatasi yenye namba muhimu. Ilikuwa chini ya meza, tulidhani ni taka. Wajapani wanafanyaje? (Mapokezi, Kigali)

JIBU: Kanuni yao ni fupi: kisichokuwa ndani ya ndoo ya taka si taka. Karatasi yenye maandishi, chupa yenye maji yaliyobaki, hata risiti iliyokunjwa mezani, vinahifadhiwa. Hoteli nyingi hushikilia hata taka za ndoo kwa angalau siku moja, kila chumba na mfuko wake wenye namba, kwa ajili ya hereni iliyofungwa kwenye karatasi laini.

Kila kinachookotwa kiandikwe papo hapo: tarehe, saa, namba ya chumba, sehemu kamili kilipokuwa, jina la aliyekiona. "Chini ya mto, upande wa dirishani" ni maelezo. "Chumbani" si maelezo. Kikabidhiwe siku hiyo hiyo, kisilale kwenye toroli. Kwa sheria ya mali iliyopotea ya Japani, ambayo marekebisho yake yalianza kutumika mwaka 2007, mali isiyodaiwa hupelekwa polisi na kutunzwa miezi mitatu. Angalieni sheria ya kwenu, kisha bandikeni muda wenu mapokezi. Na msimpigie mgeni simu nyumbani kumwambia amesahau kitu. Subirini aulize au mwandikieni yeye mwenyewe, kwa sababu huenda hakutaka mtu mwingine ajue alikolala.

SWALI: Nataka kwenda Japani kufanya kazi ya usafi wa hoteli. Wakala ameniambia ni rahisi na anataka pesa kwanza. (Mwanafunzi wa utalii, Nairobi)

JIBU: Usilipe kabla hujaelewa mambo haya. Tangu Aprili 2019 Japani ina viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na sekta ya malazi imo. Unahitaji kufaulu mtihani wa ujuzi wa sekta yenyewe na kuonyesha Kijapani cha kiwango cha N4 (cha pili kutoka chini kati ya vitano) au mtihani wa msingi unaolingana nacho. Mtihani wa lugha wa JLPT hufanyika Nairobi. Daraja la kwanza la viza hiyo huruhusu jumla ya miaka 5 bila kuleta familia, na mwajiri anatakiwa kukulipa kisichopungua anacholipwa Mjapani kwa kazi hiyo hiyo.

Sekta ya malazi inahusu mapokezi, huduma kwa wageni na mgahawa. Kusafisha vyumba kunaruhusiwa kama sehemu ya pembeni, si kazi yako yote. Usafi wa majengo ni sekta nyingine yenye mtihani wake. Wakala anayekuambia "utatandika vitanda tu" chini ya viza ya malazi ama haijui sheria au anakudanganya. Mwombe mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara kwa yeni, saa za kazi na makato ya nyumba, kisha uliza ubalozi wa Japani kabla ya kutoa hata shilingi. Kijapani chako anza kukisoma sasa. Mitihani yote itakudai, na msimamizi akisema "mazeru na" mbele ya ndoo mbili za dawa unatakiwa kuelewa mara moja kwamba amesema usichanganye.